Kila Meza na Sheria Yake

Walimu wenzangu huenda wakashangaa kuona katika kurasa hizi, ambazo aghalabu hujadili ngeli, ushairi na mitihani, makala yanayohusu mchezo wa pulu. Yumkini mmoja atauliza: je, mwalimu huyu amekosa la kuandika? Namwomba anivumilie. Sikukusudia kuusifu mchezo huo, wala kumshawishi mtu yeyote aache daftari ashike fimbo. Nimekusudia kuungama kosa nililolitenda darasani, na kosa hilo siwezi kulieleza vizuri bila ya kueleza kwanza namna mbalimbali za kucheza mchezo huo na jamaa zake, kwa maana ni mezani nilikolitambua.

Makamusi yetu hutumia neno biliadi. Watu wa mitaani hapa Uganda husema pulu. Mimi nitasema biliadi nikiutaja ukoo mzima wa michezo inayochezwa juu ya meza kwa fimbo na mipira, na pulu nikiutaja ule mmoja unaochezwa kwenye baraza za maduka yetu, juu ya meza ndogo inayodai sarafu kabla ya kuitoa mipira tumboni mwake. Wazazi wengi huuita mchezo wa wahuni, na askari hupita mara kwa mara kuwatawanya vijana wanaoucheza saa za kazi. Sisemi kwamba wanakosea. Nimewaona watu wazima waliocheza kamari kwenye meza hizo hadi wakapoteza karo za watoto wao. Walakini, sisi walimu wa Kiswahili wa nchi hii tunapaswa kuwa waangalifu tunapolitamka neno wahuni, kwani lugha yetu nayo kwa miaka mingi iliitwa lugha ya askari na wanyang'anyi. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili, na mtaala mpya wa mwaka 2020 uliifanya somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Hata hivyo, wako bado wazazi wanaowauliza watoto wao, "Hicho Kiswahili kitakupeleka wapi?" Basi mwenye nyumba ya vioo asiwe mwepesi wa kurusha mawe.

Biliadi niliijua kabla sijawa mwalimu. Nilipokuwa nikisomea stashahada ya ualimu, jioni nilifanya kibarua katika klabu moja mjini Kampala. Kazi yangu ilikuwa kupiga brashi kitambaa cha meza, kupanga mipira na kuwaandikia wachezaji alama zao. Meza yenyewe ilikuwa ya snuka, yenye urefu wa futi 12 na upana wa futi 6. Mtu akisimama upande mmoja, tundu la upande wa pili huliona dogo kama shimo la panya.

Mzee mmoja aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi ndiye aliyenifundisha. Alinieleza kwamba mipira myekundu iko 15, na kila mmoja una thamani ya alama moja. Kisha iko sita ya rangi nyingine: wa manjano alama 2, wa kijani 3, wa kahawia 4, wa buluu 5, wa waridi 6 na mweusi 7. Mchezaji hutumbukiza mwekundu, halafu mmoja wa rangi, halafu mwekundu tena, na kuendelea hivyo. Anayesafisha meza yote kwa zamu moja, akichagua mweusi baada ya kila mwekundu, hupata alama 147. Mchezo huo, kama inavyosimuliwa, ulibuniwa mwaka 1875 na maofisa wa jeshi la Kiingereza waliokaa Jabalpur, nchini India. Snuka lilikuwa jina la dhihaka waliloitwa makuruta. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1927, na Joe Davis aliyeyashinda aliendelea kuyashinda kila yalipofanyika hadi alipoyaacha mwaka 1946.

Niliyapenda mafunzo hayo kwa sababu yalikuwa na utaratibu. Kila kitu kilikuwa na jina lake, kipimo chake na adhabu yake. Nilipotoka pale nikaenda kufundisha, nilikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba biliadi nzuri ni ile ya klabu, na kwamba Kiswahili kizuri ni kile cha vitabu. Yote mengine niliyahesabu kuwa ni makosa.

Hapa namwomba msomaji alitazame kwa makini neno hili kosa, maana ndilo kiini cha habari yangu.

Tuchukue mfano wa kuutumbukiza mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo. Katika pulu jambo hilo ni kosa, na hata mtoto analijua. Katika snuka ni kosa linalompa mpinzani alama zisizopungua 4. Lakini klabuni kwetu, juu ya meza ileile, wazee walicheza pia biliadi ya Kiingereza, ambayo hutumia mipira mitatu tu. Humo mtu akiupiga mpira mwekundu, kisha mpira wake mwenyewe ukateleza hadi tunduni, hupewa alama 3, na akiwa ameupiga kwanza mpira wa mpinzani hupewa 2. Wazee wale waliutumbukiza mpira wao kwa ustadi mkubwa, nao waliokuwapo wakawapigia makofi. Warusi nao wana mchezo wao uitwao piramida, wenye mipira mikubwa na matundu yanayoizidi mipira hiyo kwa milimita chache tu. Nao huhesabu kuwa ni ushindi mpira uliopigwa unapogonga mwingine ukaingia wenyewe tunduni. Ama Wafaransa na Wabelgiji wana meza isiyo na tundu hata moja. Mchezaji hutafuta kuigonga mipira mingine miwili kwa pigo moja, na katika aina iliyo ngumu zaidi mpira wake sharti uguse kingo za meza mara tatu au zaidi kabla ya kuufikia mpira wa pili. Raymond Ceulemans wa Ubelgiji alisifika duniani kwa mchezo huo, na hakuwahi kuhitaji tundu.

Tuchukue mfano mwingine, wa kuurusha mpira mweupe uruke juu ya mpira unaouzuia njia. Wamarekani hulihesabu pigo hilo kuwa sanaa, na wako wanaotengenezewa fimbo fupi kwa ajili yake tu. Katika snuka na katika pulu ya Kiingereza ni kosa. Na mpira ulioingia kwa bahati, je? Katika mchezo wa mipira tisa, ambamo sharti uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani, bahati huhesabiwa, na aliyeutumbukiza wa tisa kwa pigo halali ameshinda hata kama hakuutarajia. Katika mchezo ambao kila mpira ni alama moja, na mipira hupangwa upya inapobaki mmoja, sharti utaje mpira na utaje tundu. Usipotaja, bahati yako ni bure.

Hata pulu ile inayojulikana na wengi si moja. Wamarekani hutumia mipira 15 yenye namba: 1 hadi 7 rangi tupu, 9 hadi 15 yenye mistari, na wa 8 ni mweusi unaotumbukizwa mwisho. Waingereza hutumia meza ya futi 7, mipira saba myekundu, saba ya manjano na mweusi mmoja. Katika nyingi za meza zao za sarafu mpira mweupe ni mdogo kidogo kuliko mingine, ili meza ipate kuutambua na kuurudisha unapoanguka. Kwa Mmarekani, mpinzani akikosea, wewe huuchukua mpira mweupe mkononi ukauweka popote upendapo. Kwa Mwingereza wa zamani, mpinzani akikosea, wewe hupewa mapigo mawili. Na kila mtaa una nyongeza zake ambazo hazikuandikwa popote.

Msomaji ameona basi kwamba tendo moja huwa dhambi hapa, na pale likawa fahari. Mimi nilikuwa nimeyajua haya yote kwa miaka mingi, na nilikuwa nikiwasimulia wenzangu kama mambo ya kuchekesha. Lakini kujua ni jambo moja, na kuzingatia ni jambo jingine.

Sasa nije darasani. Mwaka 2018 maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na mashua, wakikimbia mauaji katika jimbo la Ituri nchini Kongo, wakaingia upande wetu wa Hoima. Wengi walipelekwa katika makazi ya Kyangwali. Wachache walipanga vyumba mjini. Miongoni mwa hao alikuwamo mama mmoja muuza samaki, ambaye mwaka uliofuata alimleta mwanawe katika shule niliyokuwa nikifundisha, akaingizwa kidato cha pili.

Nilifurahi kumpata, maana nilidhani nimeletewa mwanafunzi aliyezaliwa na Kiswahili kinywani. Katika muhula wa pili, asubuhi ya Jumatatu moja, nilimwita asimame awaeleze wenzake alivyozitumia siku za mapumziko. Akasimama wima, akasema kwa sauti isiyo na woga, "Siku ya posho nilikuwa namusaidia mama kuuza samaki. Batu balikuwa mingi."

Darasa zima likaangua kicheko. Katika Uganda, kama wajuavyo wengi, posho ni ugali wa mahindi, chakula ambacho wanafunzi wa shule zetu hukila kila siku ya Mungu hadi wakakichoka. "Siku ya ugali!" mmoja akapiga kelele. Na mimi, mwalimu mwenye stashahada, mlezi wa watoto wa watu, nilicheka pamoja nao. Kisha nikachukua chaki nikaandika ubaoni Jumamosi, nikaandika watu walikuwa wengi, nikamwambia, "Hicho ulichosema si Kiswahili. Keti." Jioni nililipitia daftari lake kwa wino mwekundu, na ukurasa ukawa kama uliochinjiwa kuku.

Tangu siku hiyo jina lake shuleni likawa Siku ya Posho. Tangu siku hiyo pia hakufungua tena kinywa chake katika somo langu. Nilipomwuliza swali, alisimama, akanitazama, akaketi. Nikaandika katika taarifa ya muhula kwamba ana kiburi.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, siku ya Jumamosi, mvua iliponikuta njiani nikatoka sokoni. Nilijibanza kwenye baraza ya duka moja lenye meza ya pulu. Vijana na watu wazima kama kumi walikuwa wameizunguka meza, na aliyekuwa akikusanya sarafu, akipanga mipira na kuamua ugomvi alikuwa yule kijana. Mwenye duka, mama mmoja mkarimu, aliniambia baadaye kwamba alimpa kazi hiyo ya Jumamosi ili apate kulipa karo. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa karo kwa kazi iyo hiyo. Lakini wakati ule sikulifikiri hilo, bali nilifikiri kwamba sasa nimemfumania mahali pa wahuni.

Mvua ikazidi. Mmoja wa watu wazima akanitania, "Mwalimu, hebu tuonyeshe na wewe." Nikatoa sarafu ya shilingi 500. Mpinzani wangu akawa kijana yuleyule, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameshinda mchezo uliopita. Kabla ya kupiga, alinijia karibu, akaniuliza kwa adabu na kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tunacheza na sheria gani? Ya hapa, ao ya kule ulijifunza?"

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miezi mitatu. Nami nilimjibuje? Nilimjibu, "Sheria ni moja tu. Cheza."

Nilicheza vizuri, sikatai. Mkono haukuwa umesahau. Mpira wangu mwekundu wa mwisho uliingia tundu la pembeni lililokuwa karibu na mlango, na mweusi ulikuwa umekaa kinywani mwa tundu jingine, ukingojea kuguswa tu. Nikauinamia, nikaugusa, ukaingia. Nikasimama nikiipaka fimbo yangu chaki kama afanyavyo mshindi. Mara kelele zikazuka barazani. "Kosa! Amepoteza! Mwalimu amepoteza!"

Sheria ya baraza ile ilikuwa kwamba mweusi sharti uingie tundu lililo mkabala na lile ulipotumbukia mpira wako wa mwisho. Mimi sikuijua. Nikajaribu kujieleza. Nikataja klabu, nikataja snuka, nikataja Waingereza. Nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kucheka. Mmoja akasema, "Hiyo unayocheza si pulu, Mwalimu. Kaa chini." Maneno hayo yalinipiga kifuani, maana niliyafahamu. Yalikuwa yangu mwenyewe, yamebadilishwa neno moja tu.

Ndipo kijana alipoinua mkono wake, na baraza likanyamaza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Akasema, "Habakumwambia sheria. Mutu hana kosa kama habakumwambia. Tunarudia." Akaingiza sarafu yake mwenyewe, akaipanga mipira upya, akaniorodhesha sheria za mahali pale moja baada ya moja, bila ya dhihaka, kama mwalimu amwelezavyo mwanafunzi mgeni. Halafu akanishinda. Alinishinda vizuri, na mvua ikaisha, nikaenda zangu.

Usiku ule sikulala upesi. Niliondoka kitandani nikalifuata neno posho katika vitabu vyangu. Posho, hapo awali, ilikuwa ni chakula au malipo ya chakula wanayopewa askari na wapagazi safarini. Ni neno la misafara. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Mingine ikapanda kaskazini kwa njia ya Karagwe hadi Buganda, ambako wafanyabiashara wa pwani walifika katika baraza la Kabaka katika miaka ya 1840. Kiswahili kilitembea na wapagazi hao, wengine wakiwa watu huru wa ujira na wengine watumwa. Mahali misafara ilipofika, posho likabaki. Kwetu Uganda likabakia kuwa jina la chakula chenyewe. Kwa Wakongo likawa jina la siku ya kugawiwa chakula, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Neno letu na neno la kijana yule ni neno moja, lililobebwa na mgongo mmoja.

Na mgongo huo ulibeba nini kingine? Ulibeba pembe za ndovu. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa ng'ambo kwa ulaini wake. Zilipofika Unguja zilisafirishwa hadi Bombay, London na Marekani, zikachongwa vitana, vibonyezo vya piano, na mipira ya biliadi. Pembe moja ilitoa mipira michache tu. Katika miaka ya 1860 mtengenezaji mmoja wa Marekani aliahidi zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu cha kuishika nafasi ya pembe, ndipo John Wesley Hyatt alipojaribu hadi akapata seluloidi, moja ya plastiki za kwanza duniani. Siku hizi mipira hutengenezwa kwa utomvu wa viwandani, mingi yake nchini Ubelgiji, na biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Lakini mipira ya pembe iliyogongana juu ya meza za mabwana wa Ulaya, mingi ilipita mabegani mwa watu waliosema posho. Basi nilikuwa nimemcheka mtoto kwa neno lililokuja kwa njia ile ile ulimopita mchezo nilioringia.

Nikakumbuka pia jambo ambalo kila mmoja wetu alilijibu katika mtihani wa chuo. Kiswahili sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wake, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikashika kazi ya kukisanifisha. Yalikuwa mapatano, kama vile wachezaji wanavyopatana kabla ya pigo la kwanza. Mapatano hayo yana faida kubwa, wala sijutii kuyafundisha. Mashindano hayawezi kuchezwa kwa sheria za kila baraza, na mtihani wa taifa hauwezi kusahihishwa kwa lahaja za kila ziwa. Mtoto asiyefundishwa sheria za meza kubwa ananyimwa haki yake. Kosa langu halikuwa kumfundisha Jumamosi. Kosa langu lilikuwa kumwadhibu kwa sheria ambayo sikumtajia, kisha kumwambia kwamba meza aliyotoka nayo si meza.

Jumatatu nilichora ubaoni meza yenye matundu sita. Wanafunzi wakadhani mwalimu amerukwa na akili. Nikawaeleza michezo ile niliyoieleza hapo juu, na jinsi kosa la huku lilivyo alama za kule. Kisha nikawaeleza njia ya posho, kutoka pwani hadi kwetu na hadi Kongo. Mwisho nikamtaja kijana kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, nikamwomba radhi mbele ya wote waliomcheka. Darasa likawa kimya. Yeye hakusema neno, aliitikia kwa kichwa tu. Sikumlaumu. Mlango uliofungwa kwa kishindo haufunguki kwa kubisha mara moja.

Wiki ya tatu ndipo aliponyosha mkono. Nilikuwa nikifundisha ngeli ya KI-VI. Akauliza kwa nini kwao husema bitu pale sisi tusemapo vitu, na kama ni sheria moja iliyovaa nguo mbili. Ni swali ambalo katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuulizwa, na lilinipa kazi ya vipindi viwili. Tangu hapo alisema. Alikosea, akasahihishwa, akawasahihisha wenziwe, nami nikasahihishwa pia.

Ningependa kumaliza kwa kusema kwamba alifaulu mtihani wake wa kidato cha nne. Siwezi. Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022 yeye hakurudi. Baraza ile ilikuwa imefungwa, meza imeondolewa, na chumba alichokuwa amepanga mama yake kilikuwa na wapangaji wengine. Wako waliosema wamevuka ziwa kurudi kwao, na wako waliosema wamehamia wilaya nyingine. Katika miezi yote niliyomfundisha, nilimpoteza mitatu kwa kicheko kimoja, na sikujua kwamba miezi yenyewe ilikuwa imehesabiwa.

Daftari lake ninalo, kwa kuwa nililikusanya wiki ile ya mwisho ili nilisahihishe. Katika kurasa za mwanzo umo wino wangu mwekundu, na maneno siku ya posho yamekatwa kwa mistari miwili. Katika ukurasa wa mwisho ameandika insha fupi juu ya safari ya mashua, nayo inaanza hivi: "Tulifika Jumamosi, ambayo kwetu ni siku ya posho." Hapo sikutia wino wowote.

Walimu wenzangu, tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani, mbele yetu huketi watoto waliokipata kwa njia mbalimbali: kambini, sokoni, kituo cha mabasi, jeshini kwa baba zao, ng'ambo ya ziwa. Kila mmoja anacheza kwa sheria za meza aliyofundishiwa. Mimi siku hizi, ninapopokea darasa jipya, kabla ya kuandika tarehe ubaoni, huwauliza kila mmoja Kiswahili chake amekipata wapi na kwao husemwaje. Kisha huwaambia, "Hapa tutacheza kwa sheria za Kiswahili sanifu, na sheria zenyewe ni hizi." Kazi hiyo huchukua kipindi kimoja tu.